Kuku wa Mama Proti na Mdomo Wangu

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa, mjukuu wangu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nauza ndizi sokoni Kiboriloni, na mdomo wangu hauna breki. Nyuma ya soko palikuwa na mgahawa wa meza nne wa Mama Proti, mwanamke wa Kilema aliyekaanga kuku ambao sijapata kuonja tena mfano wao. Ngozi ilikuwa kavu inayovunjika menoni, na nyama laini, inaachia mfupa yenyewe. Na walikuwa wa kienyeji. Hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka.

Maana kuku wa kienyeji tunamjua sote, unamtafuna mpaka taya linauma. Huyu wake ulaini ameutoa wapi? Tena ilikuwa miezi ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku. Kwetu Masama ulifungua banda asubuhi ukakuta kuku watano wamelala miguu juu. Nikajiuliza, hawa wanaokufa wanapelekwa wapi? Sikumuuliza mtu. Nilijijibu mwenyewe, na jibu nikalipenda.

Sasa, unajua kwetu anayekukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja yeye kwanza mbele yako, ndipo akupe kata, ujue hakutia sumu. Basi Ijumaa hiyo mchana, sahani ikiwa mbele yangu, nikasema kwa sauti ili wote mle ndani wasikie:

"Mama Proti, onja wewe kwanza."

Alisimama na mwiko wake mkononi. "Leo siwezi, mdogo wangu. Leo ni..."

"Mmeona?" nikawageukia watu. "Hata mwenyewe anamwogopa kuku wake."

Sikumwacha amalize. Nilitoka, na nyuma yangu nikasikia viti vikisogezwa. Jumatatu soko zima lilisema Mama Proti anakaanga vibudu. Wiki mbili hazikuisha, akafunga. Alikuwa mjane, na watoto watatu walisoma kwa karai lile. Mimi nilitembea kifua mbele, najiona nimeokoa watu.

Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenishusha. Alinisikiliza nikijisifu huku anamenya ndizi, kisha akauliza, "Ijumaa gani hiyo?" Nikamtajia.

"Hiyo ni ya Kwaresima, na yule ni Mkatoliki, Ijumaa hizo hali nyama. Wakatoliki wenzake hawakuwepo, wangekueleza. Ulitaka avunje mfungo wake ili wewe Mlutheri ule bila wasiwasi?"

Akaendelea kumenya ndizi. Nililia kwa aibu, sikufichi.

Nilimtafuta Mama Proti kwa miezi, nikamkuta Himo, anakaanga kwenye kibanda cha mabati. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kosa langu lote. Alinitazama kwa shaka, akijiuliza nimefuata nini, na alikuwa na haki. Mwishowe nikamuuliza kuhusu ulaini.

"Mtindi," akasema. "Nawalaza kwenye mtindi na chumvi tangu jana yake. Ungeniuliza siku ile ningekuambia."

Nilirudi Kiboriloni nikapita meza kwa meza nikisema ukweli. Wachache walinisikia. Wengi walisema nimehongwa kuku. Mama Proti hakurudi kule tena, na watu wa Kiboriloni hawakumla tena kuku yule.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Mimi mpaka leo nikila mgahawani nanusa sahani kwanza, na nyama ikiwa rahisi mno nachungulia jikoni. Tumbo ni lako, lilinde. Ila shaka yako ipeleke kwa mwenye karai, mkiwa wawili, kwa sauti ya chini, halafu nyamaza umwache amalize kujibu. Ukiisema mbele ya watu kabla hujajibiwa, hutaweza kuwakusanya wote waliokusikia uwaambie ulikosea. Mimi nimejaribu.

Ruwa, Mungu wetu, akutunze, mjukuu wangu. Akupe pua kali na ulimi mpole, na kila jikoni utakakokula akukutanishe na mikono safi.