Prof Zagabe na Gari ya Kuchemsha Maji

Asubuhi Prof Zagabe alitufundisha sisi fizikia, na mchana alifundisha magari. Ndivyo alivyosema mwenyewe: "Nyinyi ninawafundisha kupita examen, magari ninayafundisha kupanda mulima, na magari ndiyo yananisikia." Serikali iliacha kumulipa tangu vita vya kwanza, na vita vya pili vilipoingia hatukujua tena serikali ni ya nani. Yeye alikuja tu, shati nyeupe, kravati, grisi nyeusi chini ya kucha. Alituandikia ubaoni P, ile nguvu, sawasawa na F mara v, akagonga zile herufi kwa kidole. "Humu ndani muna moto, batoto." Sisi tulikopi. Moto wenyewe hatukuuona.

Halafu Jumamosi moja akatuita kwake, mutaa wa Panzi, wale waliopenda. Tulienda watatu: Gentil, ambaye mudomo wake haujui kupumzika, Joviale, na mimi Elodie.

Nyuma ya nyumba, chini ya bati, alikuwa amechimba shimo na kulaza ndani yake rulo ya chuma, nene kushinda pipa, iliyotoka kwenye kiwanda cha majani ya chai kilichofungwa kwa sababu ya vita. Juu ya ile rulo gari ilikalisha magurudumu yake ya nyuma, imefungwa minyororo mbele na nyuma kama ng'ombe mukali. Gari ikikimbia, haiendi popote. Inazungusha rulo, rulo inazungusha alternateri kubwa, mashine ya kutoa umeme, na kutoka kwa alternateri nyaya tatu zinaingia ndani ya mapipa matatu ya maji ya chumvi. Juu ya kila pipa sahani za chuma zilining'inia kwa kamba.

"Mulima uko wapi, Prof?" Gentil akauliza.

"Mulima ni hii maji. Nikishusha vyuma kidogo, ni mulima kidogo. Nikishusha sana, ni mulima ya kweli, gari inalia. Ikiwa na nguvu, maji itachemka. Ikiwa haina, maji itanisemea."

Gari yenyewe ilikuwa Peugeot 505 ya turbo, rangi ya maziwa. Kabla ya vita tajiri mumoja wa kahawa alishindana nayo kwenye mbio za magari, halafu akakimbia nchi na kuiachia maternite ya paroisi, pale wanawake wanajifungulia. Sasa Maman Constance, mukunga, ndiye aliyeiendesha. Alitoa kiti cha nyuma na kuweka godoro, na kila Jumamosi aliiacha kwa Prof aipime. Wanawake wa vilima vya upande wa Nyangezi waliofika maternite wakiwa wazima, wengi walifika juu ya godoro lile. Gari ingine hapakuwa. Askari walikuwa wamezichukua zote, moja moja, kila iliyosikika ina nguvu.

"Turbo ni nini, Prof?" Joviale akauliza.

"Moshi inayotoka kwa moteri inazungusha panka. Ile panka inazungusha panka ya pili, na ya pili inasukumia moteri hewa. Unaona? Kile inatupa ndicho kinaipa pumzi."

Shida ilikuwa mafuta. Essence iliyouzwa kwa chupa kando ya barabara ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa, na moteri ya turbo ikinywa ile, inapasuka ndani. Prof aliweka muncha mumoja wa bomba la shaba juu ya moteri na muncha wa pili kwenye sikio langu. "Sikiliza." Nikasikia mvua kubwa. Kisha, alipoongeza, nikasikia kama mutu anatupa vijiwe juu ya bati. Hapohapo akapunguza mafuta. "Hivyo vijiwe ndivyo vinaua piston. Tunatafuta pale karibu na vijiwe, lakini kabla yao." Akarudisha vise ya turbo, ile skrubu inayopima hewa, kidogo sana, kama mutu anayefunga kidirisha na mutoto amelala.

Kisha akashusha vyuma mpaka chini.

Sijui nitaelezaje. Bati lilitetemeka. Minyororo ilinyooka. Chini ya kapo ya moteri iliyofunguliwa, chuma cha turbo kilianza kuwa chekundu, mchana kweupe, chekundu kama kaa la moto, na hakuna mutu aliyekigusa. Mapipa yakaanza kuimba, kwanza pole, kisha kwa sauti nene, kisha maji yakarukaruka na mvuke ukajaza lupango lote, nyumba na uwanja, hatukuonana tena. Gari imesimama palepale, na nguvu yake ilikuwa mbele ya macho yetu inachemka! Nilisahau kufunga kinywa. Ile P ya ubaoni niliibeba daftarini mwaka muzima, na sikujua ni munyama mukubwa namna ile.

Prof alipozima moteri, wamama wa jirani waliingia na mabeseni yao.

"Prof, leo umetupikia nini?"

"Maji ya chumvi, Maman Emérence. Ya kufulia tu. Musinipikie nayo bugali!"

Mvuke unaonekana mbali, na mudomo wa Gentil unasikika mbali zaidi. Jumamosi iliyofuata Panzi yote ilijua kwamba kuna gari inayochemsha mapipa. Tulikuwa pale tena, na Maman Emérence na beseni yake, wakati Maman Constance alifika mbio, mufuko wa kazi begani. Mutu alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka vilima nyuma ya Nyangezi: kuna mama anajifungua tangu jana, mutoto amekaa vibaya. Prof akashika minyororo aifungue. Hakumaliza. Jeep ya askari iliingia mulangoni.

Komanda alishuka, akazunguka gari mara moja. "Ni hii inachemsha maji?"

"Inajaribu, mon commandant."

"Washa nione. Kama ni kweli, naenda nayo."

Maman Constance alishika ukuta. Prof akainama chini ya kapo, eti anapima oili. Mimi nilisimama karibu, nikaona vidole vyake: vise ya turbo akaifungua mizunguko mingi, na kichwa kinachogawia plagi moto akakigeuza. Kazi ya miezi yote hiyo, aliiharibu kwa muda wa kupiga chafya moja. Kisha akawasha.

Gari ikakohoa. Rulo ilizunguka kama mutu anayetumwa bila kupenda. Mapipa yakakaa kimya.

"Mais Prof," Gentil akaanza, "Jumamosi ilopita ilikuwa..."

"Gentil! Wiki ilopita ulipata ngapi kwa interro ya fizikia?"

"... Tatu juu ya ishirini, Prof."

"Basi unyamaze."

Askari wakacheka sana. Prof akazima, na komanda akatia kidole ndani ya pipa. "Ya kuogesha mutoto! Hii ndiyo gari batu banaimba?"

"Imezeeka, mon commandant. Kama mimi mwenyewe."

Komanda akapangusa kidole, akageuka, na macho yake yakaanguka juu ya alternateri. "Na hii? Inatoa kura? Umeme?"

Prof alikuwa ametoka kusema uongo mumoja. Wa pili haukutoka. "Inatoa," akasema.

"Noki, noki!" komanda akawapigia askari wake kelele wafanye haraka. Waliifungua kwa funguo za Prof mwenyewe, wakaibeba watu sita, wakaondoka. Nyaya tatu zilibaki chini.

"Zagabe, pole," Maman Constance akasema. "Pole sana. Lakini yule mama..."

"Sikuweka alama," Prof akajibu. Alikuwa anatazama vise. "Haraka ilinishinda, sikuweka alama pale ilikuwa. Nikikosa juu, inapasuka njiani. Nikikosa chini, haipandi na mugonjwa ndani. Na sina tena kitu cha kuipimia."

Akatazama mapipa. Akatutazama sisi. Kisha barabara ya Nyangezi, jinsi inavyopanda.

"Ingieni ndani, mutakuwa uzito wa kuipimia. Bote. Maman Emérence, na weye pia, uko na kilo."

"Prof, unanitukana ao unanisifu?"

"Ingia, mama!"

Tukafungua minyororo, tukajaa juu ya godoro kama viazi. Maman Constance alishika usukani, Prof alikaa kando yake, bomba la shaba sikioni, limepita chini ya kibao cha usukani mpaka kwa moteri. Tukapanda, gari ikachoka katikati. Prof akashuka, akageuza vise na kile kichwa cha moto, akarudi. Tukapanda tena, vizuri kidogo. Akashuka tena. Mara ya tatu akainua kidole: "Acha! Vijiwe." Akarudisha unywele mumoja tu. "Sasa, Constance. Usiihurumie."

Mwanzoni hakuna kitu. Kisha chini ya kapo kitu kikavuta pumzi ndefu, filimbi nyembamba ikapanda, na mulima ukatusukuma mugongoni. Maman Emérence akapiga "Yesu!" na kuanguka juu ya Joviale. Nyumba zilirudi nyuma, mavumbi yalirudi nyuma, mashavu yangu yalirudi nyuma. Gentil alikuwa kimya, na hilo peke yake lilikuwa muujiza.

Juu kabisa Maman Constance akasimamisha. "Shukeni. Aksanti. Prof, na weye, mwachie mugonjwa nafasi."

Tukashuka. Gari ikaenda. Tulisikiliza mpaka kona ilipoimeza.

"Sasa P yake ni ngapi, Prof?" Gentil akauliza, kwa adabu safari hii.

"Sijui," Prof akasema. Niliona hajazoea kulisema neno lile.

Hakuna aliyerudi nyumbani. Tulikaa kwenye majani kando ya barabara. Maman Emérence alinunua mahindi ya kuchoma, akatugawia. Kila moteri ya mbali Prof alikuwa anainua kichwa, kisha anakishusha. Jua lilikuwa limekwisha kuegemea upande wa pili aliposimama peke yake.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Imebeba watu wengi. Hakuna vijiwe."

Sisi hatukusikia kitu bado. Halafu ikatokea, imelala chini kwa uzito, nyeupe chini ya mavumbi mekundu, inapanda mupando wa mwisho bila kupunguza. Haikusimama, ilikuwa inakimbilia maternite. Maman Constance alipiga honi moja tu, na dirishani, nyuma, tukaona muguu wa yule mama juu ya godoro, na mukono wake umeshika chuma cha dari kwa nguvu, mukono wa mutu aliye hai.