Mtungo wa Vibua

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka tonge hunishinda kumeza.

Ulikuwa msimu wa karafuu, miaka michache kabla ya Mapinduzi. Nilikuwa nimeolewa miezi minne tu, hapa hapa Madungu, na mume wangu Faki alikuwa shamba akichuma. Nyumbani tulibaki wawili: mimi na mama yake, Bi Mchanga, ambaye mtoto wa jicho alikwisha kumfunga macho yote mawili.

Alikuwa haoni, lakini samaki hakuingia chunguni mpaka apite mikononi mwake. Alimbonyeza ubavu, akangoja kama nyama itarudi. Alipitisha kidole juu ya jicho ajue limejaa au limezama. Kisha alifunua mashavu, akanusa, akaniuliza, "Ndani mekundu au yamepauka?" Mimi binti wa Mkoani, niliyekulia karibu na bandari, nikaona ananifanya mtoto. Faki alipokuja kututazama, nikamlalamikia kwamba mama yake haniamini. Nilisema kwa sauti, na nyumba zetu za udongo hazikuficha neno. Sina shaka alisikia.

Siku mbili baadaye nilichelewa kwenda sokoni. Adhuhuri imekwisha kupita, akaja mchuuzi wa baiskeli na mtungo mmoja wa samaki, vibua, kaufunika kwa majani ya mgomba yaliyonyauka. Akaapa kuwa ni wa asubuhi ile ile. Macho yao yalikuwa yameingia ndani na matumbo yamelegea. Niliyaona hayo, mwanangu, sikudanganyi. Lakini muhogo ulikwisha kuiva, na njaa ilikuwa inaniuma. Nikawachukua.

Bi Mchanga akanyoosha mkono pale alipoketi. "Hebu n'letee niwashike."

"Wazuri, mama. Nimekwisha kuwatazama."

Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha akaurudisha mapajani. "Haya, mwanangu."

Nikawakamulia ndimu mbili, nikazidisha pilipili na tui. Tulipokula, mchuzi uliwasha ulimi kwa namna isiyokuwa ya pilipili. Mimi nikaonja matonge mawili matatu, nikaacha. Yeye alikula taratibu mpaka akamaliza.

Alasiri uso ulimvimba, kichwa kikamgonga, akatapika, kisha tumbo likaanza kumwendesha. Mimi nilitapika mara moja nikapona, ujana huo. Yeye mwili wake haukuwa na akiba. Majirani walileta dawa, wakaleta uji, na vyote vilimtoka.

Siku ya tatu Faki akafika mbio kutoka shamba. "Mlikula nini?"

Bi Mchanga ndiye aliyejibu, "Vibua. N'liwashika mie mwenyewe n'kaona wazima. Mikono imezeeka, baba."

Faki akaibusu mikono ile huku akilia. Alipotoka kwenda kuteka maji, nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, ulijua?"

"Harufu il'nifikia tangu wako mlangoni."

"Mbona hukusema?"

"N'likuwa n'meazimu kukuamini."

Kesho yake, baada ya sala ya Alfajiri, akafariki. Sijui kama walikuwa ni vibua peke yao au siku zake zilitimia. Hilo analijua Mungu. Ninalolijua mimi ni kwamba niliishi na Faki miaka mingi, nikazaa naye baba yako, nikamzika huyo Faki, na sikumwambia neno hili. Wewe ndiye wa kwanza kulisikia.

Basi mwanangu, unaponunua samaki usione haya mbele ya mchuuzi. Mtazame jicho, liwe limejaa na linang'aa. Mfunue shavu, liwe jekundu. Mbonyeze, kishimo cha kidole kikibaki, muache. Mnuse, anuke bahari. Mchana wa jua kali usishawishike na kiapo cha mtu, na ukiwa na shaka, lala na muhogo mkavu. Ndimu huondoa harufu tu, ubovu unabaki pale pale. Na ukikosea, sema mapema, mwenye kustahili kusikia akiwa bado yuko hai. Mimi nilingoja, nikakosa wa kumwambia.

Mola akupe riziki safi, akuhifadhie unaowapikia, akuhifadhi na majuto yanayozeeka na mtu. Na Bi Mchanga amlaze mahali pema. Sema amin, mwanangu.