Pesa Iliyogeuka Vichaka

"Nilikuweka Kariakoo upokee pesa, Maulid! Sikukuweka ununue vichaka!"

Huyo ni Marijani, kasimama katikati ya njia pale Zhanxi, mtaa wa masoko hapa Guangzhou. Mikokoteni ya viatu inampita huku na huku, wasukumaji wanamfokea kwa Kichina, naye anaifokea simu kwa Kiswahili. Simu kaiweka sauti ya juu, mtaa mzima usikie. Mimi nilikuwa duka la pembeni nabishania bei ya ndala. Niliacha ndala.

"Si vichaka, kaka, ni viwanja," mdogo wake akajibu kutoka Dar. "Vinne. Vina mawe ya mpaka na karatasi ya serikali ya mtaa."

"Na laoban wa Shisanhang nikimpelekea karatasi ya serikali ya mtaa atanipa magauni?"

Laoban ndiye mwenye duka, na Shisanhang ni soko la nguo.

Kwa asiyemjua Marijani, ni mtoto wa Magomeni, mrefu, macho mazito kama ametoka kulala sasa hivi, lakini akili yake hailali. Guangzhou kaja kijana, sasa ndevu zina mvi. Ukitaka mabegi, taa za jua au vitambaa, anajua ni jengo lipi na ghorofa ya ngapi. Ila kazi yake hasa ni kulipia watu. Mfanyabiashara asiyetaka kusafiri na bunda la pesa anamkabidhi Maulid shilingi pale Kariakoo. Maulid anaandika kwenye simu neno moja, "Nimepokea", na Marijani anamlipa mwenye duka huku kwa yuan zake. Kisha Maulid anamrudishia kwa kumtumia dola. Risiti hakuna. Sote tuliwaamini, maana ni ndugu tumbo moja, na nani aombe risiti kwa mdogo wake?

Safari hii Maulid aliandika "Nimepokea", na dola hazikuja. Dalali mmoja alikuwa amemjaza maneno kwamba mbele ya Mlandizi, nje ya Dar, itapita barabara kubwa na viwanda vitafuata, nunua leo, mwezi ujao unauza mara mbili. Maulid akachukua pesa ya mteja akanunua, ili auze haraka, arudishe pesa mahali pake na faida aweke mfukoni, kaka asijue. Tatizo, waliosikia habari ile walikuwa wengi. Wote walinunua, wote sasa wanauza, mnunuzi haonekani. Akamtumia Marijani video, kasimama kwenye majani mpaka magotini: "Ona kaka, gari linafika hadi hapa!" Gari lenyewe halikuonekana.

Pesa hiyo ilikuwa ya Benedicta wa Mwanza, aliyekuja mwenyewe Guangzhou kuagiza magauni meupe ya komunyo na kipaimara. Mwanamke wa kazi yule, hacheki ovyo. Arubuni ilishalipwa, magauni yameshashonwa, limebaki salio tu. Na wanunuzi wa nchi nyingine walikuwa wanayapapasa pale dukani. Marijani akimkosesha Benedicta mzigo ule, nani tena angempa shilingi yake? Huku ugenini hana duka wala shamba. Ana jina tu.

Alikwenda Shisanhang kumbembeleza mwenye duka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya filimbi. "Mingtian," Marijani akamwambia, yaani kesho. Lakini alishasema hivyo jana na juzi. Mama yule akaongea kwenye simu yake ya kutafsiri, nayo ikatoa Kiswahili kikavu: "Rafiki, wewe una kesho nyingi. Pesa hakuna, nguo hakuna."

Benedicta alikuwa kasimama pale pale. "Umesikia?" akamuuliza Marijani. "Hata simu imekuchoka."

Ikabidi Benedicta asogeze mbele safari yake ya kurudi, na shirika la ndege likamtoza faini.

"Faini ya tiketi ni juu yangu, dada," Marijani akasema.

"Ya tiketi ni juu yako. Ya magauni ni juu ya nani?"

Jioni ile akampigia tena Maulid, tukiwa tunakula. Alianza kwa vitisho: polisi, mahakama, sijui nini. Maulid akamwacha amalize.

"Kaka, nyumba ya baba Magomeni iliuzwa ili wewe upande ndege. Sehemu yangu ulisema utanilipa kontena la kwanza likishuka. Umeshusha makontena mangapi?"

Marijani alishika tonge, halikwenda mdomoni wala halikurudi kwenye sahani.

"Mbona hukunidai?"

"Nikudai wewe? Kaka yangu mkubwa? Nilitaka nipate changu mwenyewe, nisikusumbue."

"Umenisumbua vizuri," akasema, na simu akaikata.

Mimi nilidhani atalala na hasira ile kwa wiki nzima. Asubuhi yake nikamkuta ghalani na mfanyabiashara mwenzetu, Dullah wa Tandika. Mabegi yake ya shule, yaliyokuwa yakingoja kupakiwa ili yawahi Januari, yote ya mtaji wake mwenyewe, anayauza. Dullah akamkamua bila aibu, huku anamwita ndugu. Nikamwambia Dullah usoni kwamba ni mnyonyaji. Akacheka tu.

Kwa pesa hiyo salio likalipwa, mchana magauni yakatoka. Marijani akampigia Maulid, safari hii bila kelele.

"Viwanja vitatu uza, kwa bei yoyote, unitumie pesa. Kimoja usiuze. Hicho ndicho sehemu yako ya nyumba ya baba. Sikudai, hunidai."

"Kipi, kaka?"

"Si wewe bwana ardhi? Chagua."

Maulid akacheka. Viwanja viwili vimeuzwa kwa hasara mpaka leo, cha tatu bado kina majani. Na kazi ya kupokea shilingi kapewa mtu mwingine, jambo ambalo mama yao halipendi hata kidogo.

Tulimsindikiza Benedicta uwanja wa ndege wa Baiyun kwa metro. Kabla hajaingia kwenye foleni, Marijani akamkabidhi pesa ya faini. Nilidhani mama wa watu atasema acha tu, yaishe. Thubutu! Alizihesabu zote, akatoa noti moja akamrudishia.

"Umezidisha, kaka Marijani."

"Ya usumbufu, dada."

"Usumbufu siuuzi. Nilikuwa nakudai faini, na faini nimepata."

Akafunga zipu ya mkoba, akasukuma mabegi yake mbele.