Msusi Aliyewapandisha Watu Mnarani

Mama Pacha alijifunzia kutembea kinyumenyume ukumbini, kwenye ule ukumbi mwembamba unaotenganisha vyumba vyao na vya wapangaji wengine. Siku ya kwanza tu akamwangusha mama mkwe wake pamoja na beseni la nguo.

"Wewe mke wa mwanangu," mama mkwe alisema akiwa bado amekaa kwenye maji, "Mungu amekuwekea macho mbele. Huko nyuma unatafuta nini?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mama. Ukiwatembeza wageni huwapi mgongo. Unawatazama usoni, unaongea, miguu inajijua."

"Basi hiyo yako haijijui."

Mapacha walicheka mpaka wakashikana. Mumewe, fundi baiskeli, aliyekuwa anakula mlangoni, hata hakuinua macho. "Mwache, mama. Kaa naye anatembea kiubavu na hajawahi kufukuzwa kazi."

Mama Pacha alikuwa msusi. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya stesheni ya treni, na kila aliyeshuka na nywele zenye vumbi la safari aliishia kwenye kiti chake. Wageni wana maswali. Lile jengo lenye kuba ni la nani? Mnara ule unapandwa? Naye alijibu huku kitana kiko mdomoni, vidole havisimami, hadithi moja inaisha nyingine inaanza, mpaka mteja akasahau kwamba anavutwa nywele. Siku moja kwenye kiti hicho alikaa mama mmoja mwenye kampuni ya kutembeza watu mjini. Alisikiliza toka msuko wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha akajitazama kwenye kioo na kusema, "Dada, huu mdomo unaupoteza kwenye vichwa."

Akampa siku moja ya majaribio. Ukinifurahisha, alisema, kazi ni yako. Usiponifurahisha, tutaendelea kuonana hapa hapa kwenye kiti. Masharti yalikuwa mawili: usiwape wageni mgongo, na usiseme "sijui". Mgeni akisikia "sijui" anaanza kuangalia saa.

Tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia Mama Pacha. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Asubuhi nyingine alishindwa hata kufunga vifungo vya mashati ya wanawe. Lakini si hilo tu. Aliitamani kazi ile kama mtoto anavyotamani kukaa dirishani. Miaka yote amelisimulia jiji akiwa amelipa kisogo. Sasa angetoka nje alishike kwa mkono.

Siku ikafika. Walikutana chini ya saa kubwa ya stesheni: maharusi wapya ambao hawakuachiana mikono hata kupiga chafya, na babu mmoja na mkewe waliotoka mkoani. Babu alivaa suti iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alikuwa na haja moja tu, na aliisema kabla ya salamu kuisha: apigwe picha na Mama wa Shaba, lile sanamu la mwanamke mwenye mwenge lililoko katikati ya uwanja wa uhuru, analoliona kwenye stempu tangu ujana wake.

"Mengine nitayaangalia kwa adabu tu," alisema.

Bosi, yule mama mwenye kampuni, alikaa nyuma ya kundi na mwavuli wake.

Mama Pacha akaanza kurudi kinyumenyume, na mji ukafunguka nyuma ya mgongo wake. Aliwaonyesha nguzo za stesheni zilizochongwa kama vigogo vya michikichi. Aliwaonyesha kuba la bunge. "Liangalieni, kama kichwa kimenyolewa sasa hivi kikapakwa mafuta." Aliwaonyesha ngazi za mahakama kuu, zilivyolika katikati. "Wanaopanda wanaburuza miguu, wanaoshuka wanakimbia." Hapo akagonga nguzo ya taa kwa mgongo, akageuka akasema, "Samahani, kaka," na kundi zima likaangua kicheko. Hata mwavuli wa bosi ulitikisika kidogo. Moyo wa Mama Pacha ulikuwa unaruka kama mahindi ya bisi kwenye sufuria.

Wakakata kona ya posta. Uwanja wa uhuru ukawa mbele yao.

Mama wa Shaba hakuonekana. Majukwaa ya mbao yalimzunguka, na turubai la buluu lilikuwa limemfunika kutoka miguuni mpaka juu ya mwenge. Chini palikuwa na ndoo, brashi na povu linalotiririka.

Babu alisimama. "Ndiye huyo?"

"Ndiye, babu."

"Amefungwa kama robota la mitumba."

"Nilikwambia twende kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu," bibi alisema. "Bibi harusi angekuwa hajafunikwa turubai."

Babu alianza kufungua vifungo vya koti, taratibu, kama mtu aliyerudi nyumbani. Bosi alifunga mwavuli. Mama Pacha alihisi kazi ikimponyoka, kama nywele zilizopakwa mafuta mengi.

Wakati huo huo kichwa cha mtu kikachomoza juu kabisa ya turubai, mithili ya mtu anayetoka kwenye tangi la maji. Alikuwa fundi wa kuosha sanamu. Alimpigia mwenzake kelele amletee maji mengine, akazama tena.

Mama Pacha alitazama pale fundi alipozama, akatazama ng'ambo ya uwanja, kwenye mnara wa jiji, jengo refu kuliko yote, lenye paa la kutazamia.

"Tunapanda mnara," alisema. "Sasa hivi."

"Mnara ni mwisho, baada ya makumbusho," bosi alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

"Turubai halina kifuniko, bosi. Liko wazi juu. Babu, funga koti."

Kwenye lifti walibanana, masikio yakaziba. Bibi harusi alifumba macho akakamata mkono uliokuwa karibu.

"Binti," babu alisema, "wako yuko upande ule."

Mlango ulipofunguka, upepo uliwapokea kwa vibao. Halafu jiji lote likawa chini yao: stesheni kama kiberiti, treni kama uzi unaoingia kwenye sindano, mto ambao hakuna aliyejua kwamba unapinda mara nyingi hivyo, mapaa ya bati yakiwaka mpaka milimani. Mama Pacha mwenyewe alisahau kusema. Alikuwa hajawahi kupanda. Alishika chuma cha ukingo kwa mikono yote miwili, akacheka peke yake.

"Nimemwona," babu alisema kwa sauti ndogo. "Yule pale."

Ilikuwa kama kuchungulia ndani ya kapu. Chini, katikati ya turubai, kichwa cha Mama wa Shaba kiling'aa kwa maji, na nywele zake zilikuwa zimesukwa twende kilioni, mistari imenyooka kutoka kwenye paji kwenda kisogoni. Vidole vya Mama Pacha vilianza kucheza vyenyewe.

"Mbona upande huu hauna kitu?" bibi aliuliza.

Wote wakainama. Kweli. Mistari ilifika katikati ya kichwa ikakoma. Upande wa mwenge, ambao walio chini hawauoni kwa sababu ya mkono ulioinuliwa, ulikuwa laini kama kibuyu.

"Kwa nini hivyo, mama mwongozaji?" bwana harusi aliuliza.

Bosi alikuwa nyuma yake. Mama Pacha alihisi macho yake kisogoni. Jibu la kutunga lilikuwa tayari ulimini, zuri, limepambwa. Msusi hakosi la kusema. Lakini alikitazama tena kile kichwa, akashindwa kukizulia.

"Sijui," alisema. "Sijui kabisa. Nami ndio kwanza naona leo."

Hakuna aliyeangalia saa.

"Huyu aliitwa vitani akiwa bado kwenye kiti," bibi alisema.

"Wapi. Mchongaji alichoka," babu akapinga. "Alisema, nani atapanda juu kumkagua?"

"Au shaba iliisha," bwana harusi alisema.

"Au ndio mtindo," mkewe alisema. "Mimi ningesuka hivyo."

"Ukiwa umeolewa na mwanangu? Thubutu," bibi alisema, ingawa hawakuwa na undugu wowote.

Watu wengine waliokuwa juu wakasogea kusikiliza, nao wakatoa yao. Babu alipigwa picha, koti limefungwa, kidole kikielekea chini, kisha akarudi kwenye ubishi hata bila kuitazama ilivyotoka.

Bosi akamvuta Mama Pacha pembeni.

"Umesema 'sijui'."

"Nimesema."

"Miaka yote nawaleta watu hapa. Wanapiga picha, wanashuka. Hawa nimewaambia twende, mara mbili, hakuna aliyenisikia. Kesho kuna kundi kubwa. Ni lako. Waanzishe hapa, kabla mafundi hawajamaliza kumwosha."

Mama Pacha alitaka kupiga kigelegele, lakini wageni walikuwa wake sasa. Akapiga makofi. "Jamani, makumbusho yanatungoja."

Hakuna aliyejibandua ukingoni. Akamgeukia bosi amsaidie, kumbe bosi naye ameshasogea kando ya bibi, ameinama, mwavuli chini ya kwapa.

"Mimi nasema msusi wake alikuwa anamkaza nywele mno," bosi alisema. "Akaona bora vita."