Nipe Kiti cha Mbali, Lakini Niwe Karibu

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa stesheni ya Vwawa alinikuta jukwaani na begi la nguo, akaniuliza kama naripoti kazini au nasafiri. Nikamwambia naripoti. Akalitazama begi.

"Basi lirudishe nyumbani. Karani wa tiketi hasafiri, anasafirisha wenzake."

Ndipo nilipoipenda reli. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa Ruanda, hapa Mbozi, kwenye mibuni ya baba yangu, na nilipomaliza kidato cha nne nilitaka kazi moja tu: ile itakayonirudisha jioni kwenye ugali wangu mwenyewe. Wenzangu walioajiriwa pamoja nami waliomba ukaguzi wa treni ili waone Dar es Salaam na Zambia. Mimi niliomba dirisha. Nikapewa dirisha, na kiti chenye mguu mmoja mfupi, nikakaa.

Ninyi mnaokata tiketi kwa simu hamjui tulivyohangaika. Tiketi zetu zilikuwa vipande vya kadibodi ngumu. Kila kimoja ulikisukuma ndani ya mashine ya chuma, ikakigonga tarehe, na mara moja moja ikakugonga kidole. Kisha kulikuwa na chati ya vitanda, karatasi kubwa inayoonyesha nani analala wapi. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita, na wanaume hawachanganywi na wanawake. Mume aliyetaka kulala chumba kimoja na mkewe ilimbidi alipie chumba chote. Nimetukanwa na waume wengi kwa sheria ambayo sikuitunga, na wake zao wachache wamenishukuru kimyakimya.

Nilipohamishiwa Tunduma nililia kama ninayepelekwa ng'ambo. Mume wangu alipakia kuku na masufuria huku akiniuliza kama kule nako nitahitaji pasipoti. Kumbe nilikuwa nakwenda kwenye shida yenyewe. Tunduma abiria wanatoka pande zote. Mama wa Nakonde anakuja na mizigo yake, ananiita bamayo, yaani mama kwa Kibemba, na saa yake ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja, hivyo akichelewa anadai amewahi. Mfanyabiashara wa mpunga kutoka Momba anataka gunia lake lipewe kitanda. Na wote, bila kumbagua mtu, wana swali moja.

"Treni iko wapi?"

"Iko njiani."

"Njiani wapi?"

"Relini, baba."

Nisingeweza kusema zaidi. Njia yetu ni moja, na treni mbili zinazoelekeana hupishana stesheni tu. Ya abiria huingia njia ya pembeni, ikasubiri ya mizigo ipite. Shaba ya Zambia inayobebwa humo haina haraka, lakini ndiyo hupita kwanza. Hilo nimelieleza maisha yangu yote na sijaona aliyeridhika.

Waliokuwa wakinimaliza kabisa ni watalii wa meli. Hawa walishuka melini bandari ya Kasanga, kule Ziwa Tanganyika, wakaja kwa basi dogo kupitia Sumbawanga ili wapande treni kwenda jijini Mbeya. Walifika Tunduma wamejaa vumbi, wanauliza treni imefunga gati namba ngapi. Wakifika Mbeya wanakuta stesheni haiko mjini, iko Iyunga. Wakirudi wananilaumu mimi, kana kwamba niliibeba mgongoni usiku nikaitua huko.

Basi siku moja, katika mwezi wangu wa mwisho wa utumishi, kundi la namna hiyo lilikuwa limejaza ukumbi, likiongozwa na kijana wa Arusha aliyevaa kofia ndani ya nyumba. Nilikuwa nimeshachoka kabla ya chai. Akaja dirishani dada mmoja, kanga kajifunika mpaka kwenye nyusi, akanong'ona:

"Shikamoo mama. Nipe kiti cha mbali na baba, lakini niwe karibu naye."

"Marahaba. Mbali au karibu, mwanangu?"

"Vyote viwili."

Nikavua miwani. Aliitwa Atupele, ametoka Ikinga kule Ileje. Baba aliyemtaja ni baba mkwe wake, mzee aliyekaa nje ameelekea ukutani, macho yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho, haoni hata mkono wake. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Mbeya kwa wiki moja tu, na mwisho wa kupokea wagonjwa ulikuwa jioni ile. Wakipitwa, hakuna aliyejua madaktari watarudi lini. Mume wa Atupele ni baharia kwenye meli hiyohiyo iliyowaleta watalii wangu, na meli ilishaondoka Kasanga.

Sasa kwa Wandali, watu wa Ileje, kama kwa ndugu zao Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawapiti njia moja. Ni heshima, na ni kubwa kuliko mnavyodhani. Ndiyo maana hawakupanda basi, kwani basi halina kuta. Mpwa wa mzee ndiye aliyekuwa awe katikati, amshike mkono na kuwafikishia maneno, lakini malaria ilimwangusha Isongole. Mwenye bodaboda alimshika mzee mpaka stesheni, akaomba radhi, akaenda zake.

"Lakini mzee haoni," nikamwambia Atupele. "Si umshike tu mkono? Nani atajua?"

"Mimi nitajua, mama. Na yeye atajua."

Nikarudi kwenye chati nikiguna. Mzee nilimweka chumba cha wanaume. Chumba cha pembeni yake, ambacho ubao mwembamba tu ungewatenganisha, kilikuwa kimelipiwa chote na kijana wa Arusha kwa ajili ya mabibi wawili na mabegi yao.

"Mama, mabegi nayo ni abiria," akaniambia.

"Basi yaje hapa niyaulize majina."

Alibishana mpaka bibi mmoja wa kundi lake alipomuuliza kuna nini. Akamweleza kwa Kiingereza huku akirusha mikono. Yule bibi akamtazama Atupele, akaenda kuyashusha mabegi mwenyewe.

Kitanda kikapatikana. Mtu wa katikati hakupatikana. Niliuliza abiria wote, kila mmoja ana mzigo wake. Treni ikaingia. Mkuu wetu wa stesheni pale Tunduma, mama wa Makambako ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alinikuta nagombana na hewa.

"Mama Neema, likizo yako ya mwaka huu umeitumia?"

"Bado, mkuu."

"Na kibali chako cha kusafiri bure?"

Kila mfanyakazi wa reli hupewa kibali hicho. Vyangu vyote nilikuwa nimevihifadhi vizuri sana.

"Mkuu, nimevaa kandambili. Nina maharage jikoni."

"Maharage yana mume wako. Panda."

Nikapanda. Nilimpigia simu mume wangu treni ikiwa imeshaanza kusogea, nikamwambia azime jiko kwa sababu nakwenda Mbeya. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Nilikaa mlangoni mwa chumba cha mzee, nusu ndani, nusu koridoni. Hatukuwa tumeipita Mpemba nikasikia nyuma ya ubao:

"Mama, mwulize baba kama amekula kiazi."

Mzee alikuwa hatua moja kutoka ubaoni, masikio yake mazima kuliko yangu. Akakohoa, akageuzia uso dirishani, akanisubiri.

"Baba, mkamwana wako anauliza kama umekula kiazi."

"Mwambie nimekula. Chumvi ilizidi."

"Anasema chumvi ilizidi."

"Mwambie anisamehe. Nilipika kukiwa na giza."

"Anaomba msamaha, ilikuwa giza."

"Mwambie mimi niko gizani mwaka wa pili, na sijatia mtu chumvi."

Atupele akacheka ndani ya kanga. Nikafungua mdomo, mzee akaninyooshea kiganja. "Hicho usinieleze, mama karani. Kimefika chenyewe."

Kijana wa Arusha alikuwa amesimama koridoni anatusikiliza. "Mama, hawa wamegombana?"

"Wanaheshimiana."

"Wakigombana inakuwaje?"

Kila mzee alipotaka kwenda msalani, nilimshika mkono, nikamwambia Atupele afunge mlango, nikampitisha. Niliipiga korido ile kwa kandambili mpaka nikawaelewa wakaguzi wote niliowahi kuwacheka. Kisha, mbele ya Vwawa, treni ikasimama, ikazima kelele zake zote. Tukakaa. Jua likaanza kuteremka upande wa mzee, naye akalihisi shavuni.

"Mama, mwulize baba kama ana wasiwasi."

"Mwambie sina," akasema kabla sijageuka. Mikono yake ilikuwa imeushika ukingo wa kitanda.

Nikamwendea msimamizi wa treni. "Tuko wapi?"

"Tuko njiani, mama."

"Njiani wapi?"

Nilijisikia nikiuliza, nikaona aibu, nikaendelea kuuliza. Treni ya mizigo ikapita taratibu, mabehewa yake hayaishi. Sijawahi kuichukia shaba kama siku ile.

Iyunga tulishuka kivuli cha behewa kimeshavuka jukwaa. Watalii wakaanza kuuliza mji uko wapi. Hata mimi nilikuwa nautafuta. Nikachukua bajaji mbili, moja yangu na mzee, moja ya Atupele nyuma yetu, nikawaambia madereva wasipitane. Tulipofika hospitalini, muuguzi alikuwa anafunga mlango wa mapokezi.

"Mgonjwa huyu ndugu yake nani?"

Atupele akanyoosha mkono kutoka nyuma ya nguzo.

"Aje atie sahihi."

"Hawezi kuja," nikasema, nikajiandaa kueleza tena kuanzia mwanzo. Muuguzi akamtazama mzee, akaitazama nguzo. Lafudhi yake ilikuwa ya Tukuyu, kwa Wanyakyusa. Akavuta pazia katikati ya chumba, akasema, "Apite huku." Akampokea mzee.

Nililala kwa binamu yangu, kitanda kigeni, sikupata usingizi. Asubuhi nikarudi kwa basi.

Sasa nimestaafu, niko Ruanda na kuku wangu. Vijana wa kwetu huniuliza nilifaidi nini kukaa dirishani miaka yote ile. Huwaambia nilifaidi mgongo mbovu na majibu mafupi. Hawaridhiki, wanataka fundisho. Sina. Watu wanapanda, watu wanashuka, na wote wanadhani wewe ndiye uliyeichelewesha. Ningeulizwa leo ningeomba dirisha lilelile. Lakini nakumbuka wiki yangu ya mwisho kazini, treni ya kutoka Mbeya ilipowashusha wale wawili Tunduma, safari hii mpwa yupo.

Mzee alikuja mwenyewe dirishani. Akaangalia mashine yangu ya tarehe, akaangalia kalenda, akaniangalia mimi.

"Kumbe ndiwe mfupi hivi? Sauti yako ni ya mtu mrefu."

"Na wewe baba, kumbe una macho ya kuchagua."

Alikuwa anacheka bado Atupele alipotokea mlangoni mwa behewa, beseni kichwani, mikono yote imelishika, kanga imemtelezea mabegani. Njia ya kutoka ilikuwa moja, ikipita mbele yetu. Akatuona, akasimama. Nyuma yake abiria wakaanza kumsukuma, kila mtu ana gari la kuwahi. Wakati huo mzee alikuwa ameuegemea ukuta, uso wake ukielekea behewa, na macho yale mapya yakizunguka jukwaani, yakisoma kila kibao.

Nikamgusa mkono. "Baba, mkamwana wako anapita."

Hakugeuka. Alisimama vilevile, uso umeelekea kule anakotokea.

"Mwambie asikimbie, atajikwaa," akasema. "Nimefumba."