Mshipi wa Krisanthemu wa Fuki

Fuki Sugimori alikuwa mdarizi wa mtaa wa Nishijin, mjini Kyoto, Japani. Mjane, mdomo mzito, mkono mwepesi. Kiangazi cha mwaka 1940 kilimkuta kwa mwezi wa saba akidarizi mshipi wa kimono, joho la Kijapani, ya bibi harusi: maua ya krisanthemu ya manjano, nyasi ndefu zilizolazwa na upepo, majani mekundu yanayopukutika. Mashina aliyatia mwanawe Yasuji kabla ya kupelekwa vitani China. Kijana alivuta uzi mno, kitambaa kikafinyana kidogo. Fuki angeweza kuifumua kazi ile, ila roho ilimkatalia.

Mwezi Julai serikali ikapiga marufuku vitu vya anasa. Wakala wa mwenye duka aliyeuagiza mshipi akaja, hata hakuketi.

"Bibi Fuki, weka sindano chini. Wenye harusi wameuvunja mpango wa mshipi. Nyuzi za dhahabu nipe nirudi nazo."

Akampa. Kesho yake akakomea mlango, akaendelea kujaza maua kwa hariri ya manjano iliyosalia.

Lakini Bi Hamabe, kiongozi wa wanawake wa mtaa, alikuwa na macho yasiyolala.

"Mama Yasuji! Wenzio tunashona mikanda ya askari, wewe unampamba bibi harusi gani? Mabango ya kukataza anasa hujayasoma?"

"Nimesoma. Namalizia kazi ya mwanangu."

"Mwanao anapigana, hadarizi."

Oktoba likaletwa sanduku dogo lililofungwa kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na kucha na nywele alizokata Yasuji siku ya kuondoka. Mwili wenyewe ulichukuliwa na mto huko China.

Siku ya maombolezo Fuki aliukata mshipi kutoka kwenye fremu ya kudarizia, ua moja likiwa bado nusu, akalifunika sanduku kwa huo mshipi. Bi Hamabe alipouona, akauweka ubani chini bila kuuwasha.

"Ondoa hicho. Watu watasema."

"Waseme. Anza wewe, umezoea."

Siku ya tatu wakaja wanaume wawili wa ofisi ya mtaa kuuchukua mshipi, wakiuita mchango wa vita. Fuki akauliza kama angeweza kubaki na kipande chenye mashina tu. Mmoja wao akatazama chini.

"Tumeagizwa mzima, mama."

Hakulia mbele yao. Alilia jikoni, akiosha mchele uliokwisha kuoshwa.

Baada ya hapo alipangiwa kushona nyota za kola za askari, mamia kwa mamia, mpaka vidole vikakakamaa.

Mwaka 1944 sanduku jingine likaingia mtaani, la mtoto wa pekee wa Bi Hamabe. Majirani walipita mbali na mlango ule. Fuki aliingia bila kubisha, akamkuta mwenzake ameketi sakafuni, nywele zimetimka. Akawasha moto, akachemsha maji, akamtia kikombe mkononi.

"Mama Yasuji, mimi ndiye niliyewaambia wale wa ofisi—"

"Najua. Kunywa."

Hakuwahi kumsamehe. Alikaa naye hadi jioni, kisha akarudi nyumbani kwake.