Kahawa Iliyopoa Mezani

Dahham huuza matikiti maji kando ya barabara ya Jahra, kwenye pikapu ya kuazima. Kazaliwa Kuwait, baba yake kafia katika jeshi la Kuwait, na bado serikali humwita mkaazi haramu. Yeye ni Bidun, mtu asiye na uraia wa nchi yoyote. Dhuluma hiyo alikwisha kuizoea kama joto la Agosti, mpaka ilipomgusa bintiye.

Wadha alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Chuo kilitaka kitambulisho cha baba, na cha Dahham kilikuwa kimekwisha muda. Kwenye ofisi ya vitambulisho wakamwambia atapewa kipya siku hiyohiyo, mradi atie sahihi kwamba asili yake ni nchi jirani. Nchi hiyo hajapata kuikanyaga.

"Si utie tu!" mkewe akamfokea. "Uongo wa mstari mmoja, mtoto asome."

"Nikitia, kesho wataniambia nenda kwenu. Na yeye pia."

Akaenda kwenye baraza ya Falah, kapteni mstaafu aliyekuwa mkubwa wa baba yake jeshini. Kahawa ikamiminwa. Dahham akapokea kikombe, akakiweka chini bila kukionja. Watu wakakikodolea macho. Mgeni akifanya hivyo ana haja, na mwenyeji anayeiacha kahawa ile ipoe hana uso tena mbele za watu.

"Kunywa kahawa yako, mwanangu," Falah akasema. "Ulilojia umelipata."

Dahham akanywa. "Nataka ukaseme ofisini kwamba ulimjua baba yangu hapahapa, kabla ya sensa ile wanayopimia nani mwenyeji."

"Baba!" mwanawe Falah akadakia. "Siku hizi hata wenye uraia wananyang'anywa, nawe unajipalia makaa?"

"Ameshakunywa. Sasa nimtapishe?"

Asubuhi Falah alivaa joho lake wakaenda. Karani, Mishari, kijana wa kabila lake, aliinuka kwa heshima akaagiza kahawa. Mzee akatoa ushahidi wake, kisha akaweka kikombe mezani, kimejaa. Mishari akakiona. Kalelewa vizuri, hakuhitaji kuelezwa.

"Kunywa, ami. Usinitie aibu."

"Umesema nusu. Malizia."

"Ushahidi nitauandika. Uamuzi si wangu."

"Ni wa nani?"

Kijana akautazama mlango wa mkubwa wake, uliofungwa. Kisha akamsogezea Dahham kalamu. "Baba Wadha, tia sahihi yaishe."

Dahham akaishika. Alitaka kutia, tusimsingizie ushujaa. Chuo kilikuwa kinafunga usajili baada ya siku chache. Akakitazama kikombe cha mzee, mvuke umekwisha. Akaiweka kalamu kando ya kikombe hicho.

Wadha alikuwa akingoja kwenye pikapu.

"Umetia?"

"Sijatia."

Akalia kwa sauti, wala hakumwambia baba yake kwamba amefanya vyema. Dahham akamfungulia mzee mlango. Falah, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuachiwa kahawa ipoe, akajibana pale mbele pamoja nao.

"Kahawa yangu uliinywa, Dahham. Ahadi iko palepale. Kesho tunarudi."

"Kesho Ijumaa, ami, na Jumamosi pia wamefunga."

"Basi Jumapili."

Wadha akajifuta uso kwa ncha ya shungi.

"Jumapili naingia na mimi," akasema. "Waagize vikombe vitatu."